Ningu Kwenye Shamba la Maharage

Shemeji yangu Gaudence Mbunda ni mtu wa Litembo, huko milimani, na mtu wa Litembo ukimwacha mahali popote na jembe, ukirudi utakuta shimo. Nasema hivi bila chuki. Chuki nilikuwa nayo zamani, na nitaieleza yote, kwa sababu habari hii haina ladha nikijifanya mtu mwema.

Mimi ni Luisa, mkausha samaki wa hapa Lipingo, kando ya ziwa. Mdogo wangu Tadea, kitinda mimba wetu, alikuwa akipandisha usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenda kuuza Mbinga, na huko sokoni ndiko Gaudence alikomwona. Akanunua kopo moja la usipa. Akarudi akanunua la pili, akarudi tena akanunua la tatu. Miaka baadaye alikiri kwamba hakula hata mmoja; wote aliwapa kuku. Alisema wale samaki walikuwa wanamtazama kwa macho mengi mno kwa wakati mmoja. Basi huyo mwanaume anayeogopa usipa ndiye aliyeoa binti wa ziwani. Wakaishi kwake Litembo miaka minne, na kahawa yao na mahindi yao, na sisi hatukuwa na neno naye kwa kuwa alikuwa mbali.

Kisha miguu ya mama ikagoma. Mama yetu, Emerensiana, alianza kutembelea fimbo, halafu fimbo na ukuta, halafu akawa mtu wa kukaa kwenye mkeka tu. Nyumba yangu iko hatua hamsini kutoka kwake, lakini mimi na mama tuna hasira ya aina moja, na hasira mbili za aina moja hazikai chini ya paa moja. Ikabidi aitwe Tadea. Akaja na mtoto mgongoni, na nyuma yake, bila kuitwa na mtu, akaja mumewe na jembe begani.

Mwanaume kuhamia ukweni! Kwetu ni kichekesho, kwao ni msiba. Kaka zake walimwambia watakuja kumchukua akishachoka kuaibika. Yeye aliwajibu kwamba kahawa inaweza kukaa bila yeye, lakini yeye hawezi kukaa bila Tadea, na maneno hayo yalipofika huku Lipingo tukayacheka wiki nzima. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na lake.

Sasa kuna jambo la mama. Mama ni mtu wa desturi za zamani, zile ambazo hata wazee wenzake wameziachia njiani. Kwake, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani majina. Katikati ya uwanja wake kulikuwa na ua wa matete: upande huu mama na mkeka wake, upande ule Gaudence na kigoda chake. Kila asubuhi ilikuwa hivi.

"Shikamoo mama!" Gaudence anasema kutoka upande wa pili.

"Luisa, mwambie marahaba."

"Marahaba," namwambia.

"Muulize huyo wa milimani kama amekunywa uji."

"Nimekunywa, mama. Ahsante."

"Anasemaje?"

"Anasema amekunywa, mama."

Na msidhani mama alikuwa kiziwi. Mama akiwa kitandani husikia paka anayefunua sufuria nyumba ya tatu. Lakini maneno ya mkwe hayakuingia masikioni mwake mpaka yapitie kwangu, nami kila siku nikawa kama karani wa posta, tena asiye na mshahara.

Kilichotugombanisha mimi na Gaudence kilikuwa kipande cha shamba la marehemu baba, kule chini kando ya mto, karibu na unapoingia ziwani. Ni tambarare, na lilikuwa limejaa nyasi zinazomfika mtu kifuani. Nililitaka. Miaka hii ziwa limepanda, likanifuata mpaka kwenye banda langu la kukaushia samaki, likang'oa nguzo mbili, na mimi ni mjane ninayeishi kwa lile banda. Gaudence naye alilitaka, kwa sababu mkulima asiye na shamba ni mzururaji tu. Mama akatuita wote wawili, mmoja kila upande wa ua.

"Luisa, mwambie huyo wa milimani hivi. Nampa masika moja. Mpaka Pasaka, shamba lile litoe kitu kiingie kinywani mwangu. Likitoa, ni lake, akae hapa na mke wake. Lisipotoa, utajenga banda lako, naye arudi kwenye kahawa yake. Tadea atabaki na mimi."

"Nimesikia, mama," Gaudence akasema.

"Anasemaje?"

Siku ile Tadea alinifuata nikiwa nageuza samaki kwenye chanja. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Dada, ukichukua kipande kile, unanichukulia mume." Nilimjibu kwamba mume hajapigiliwa misumari ardhini, akimtaka mke atarudi kumtembelea. Ndivyo nilivyomjibu mdogo wangu wa tumbo moja, na samaki niliendelea kuwageuza.

Gaudence akaanza kazi. Kule kwao Umatengoni wana kilimo chao cha ngolo. Milima yao imesimama kama kuta, mvua ikinyesha udongo wote ungekuja kwetu ziwani, kwa hiyo wanafyeka nyasi, wanazilaza miraba miraba, halafu ndani ya kila mraba wanachimba shimo na udongo wake wanafunika zile nyasi. Maharage yanakaa juu kwenye matuta, maji yanatulia chini shimoni. Ni akili kubwa, kwenye mlima. Gaudence alichimba ngolo kwenye uwanja tambarare kama meza.

Tena alichimba mwenyewe. Kwao mwanaume hufyeka na kulaza nyasi, na kuchimba ni kazi ya wanawake. Lakini Tadea alikuwa na mama wa kuogesha na mtoto wa kunyonyesha, kwa hiyo Gaudence alifyeka kama mwanaume asubuhi na kuchimba kama mwanamke mchana. Watu wa kwao wangemcheka kwa kuchimba, na sisi tulimcheka kwa mashimo, akawa hana upande wa kukimbilia.

Mzee Bernadi, jirani yetu mwenye mtumbwi, alipita akasimama, akavua kofia.

"Poleni na msiba," alisema.

"Msiba gani, mzee?"

"Sijui. Naona makaburi."

Gaudence akamweleza taratibu habari za maji na udongo, na Mzee Bernadi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Na hapa pasipo na mlima, udongo utakimbilia wapi?" Gaudence akafikiri, akasema hajui, lakini yeye hajui kulima namna nyingine. Akaendelea kuchimba.

Mimi nilifanya ubaya wangu mdogo. Nilimnong'oneza mwanamke mmoja kisimani kwamba shemeji yangu anatafuta mali iliyofukiwa na Wajerumani. Nilidhani watamfukuza. Badala yake, siku tatu baadaye tulikuta watu wameingia shambani mwake alfajiri wakachimba mashimo tisa ya nyongeza, makubwa kuliko yake, wakakosa mali, wakaenda zao. Gaudence alipoyaona alishika kiuno kwa furaha. Alizunguka kijiji kizima akiwatafuta awashukuru. Akapanda maharage kwenye matuta ya mashimo yale pia.

Na maharage yakaota, lazima niseme ukweli. Pasaka mwaka ule ilichelewa, na kufika mwanzo wa Aprili yalikuwa yametoa maua. Nilikuwa nikipita pale kila siku kuyahesabu kwa jicho baya. Tadea naye alianza kuimba tena wakati wa kuchota maji.

Halafu ikaja Jumatatu ya Juma Kuu, na mvua ikaja nayo. Ilinyesha huko juu kwao siku nzima na usiku kucha, mto ukashuka mwekundu, ukatoka kwenye kingo zake ukalala juu ya shamba lote. Siku tatu hatukuona tuta wala jani. Gaudence alikuwa anasimama pembeni, maji kwenye magoti, mikono nyuma. Siku ya Alhamisi Kuu alirudi, akakaa kwenye kigoda chake upande wake wa ua, akasema, "Mama, maharage yamekwenda."

Mama hakuniuliza anasemaje. Alivuta kitenge chake magotini. Mimi nilikwenda kuchonga nguzo.

Ijumaa Kuu alfajiri maji yalikuwa yamerudi mtoni. Nilichukua kamba ya kupimia nikashuka shambani, maana Pasaka ilikuwa keshokutwa na sikuona sababu ya kungoja. Maharage hayakuwepo hata mzizi. Matope matupu, na mashimo yamejaa maji. Nikachomeka kijiti changu cha kwanza. Nyuma yangu kitu kikapiga makofi.

Nikageuka. Hakuna mtu. Kikapiga tena, safari hii mbele, kisha kushoto, kisha shamba zima likaanza kupiga makofi kama kanisa limepata padri mpya. Nikachungulia shimo la karibu. Mgongo mpana, mweusi wa kijani, ukazunguka humo mara moja na kunirushia maji usoni.

Ningu! Kila mtu wa ziwani anamjua ningu, samaki mwenye mdomo chini ya kidevu, midomo minene, anayenyonya ukoga kwenye mawe kama mtoto anayenyonya. Mvua kubwa zikija hutoka ziwani kwa makundi, hupanda mto, na mto ukifurika huingia kwenye nyasi kutaga. Maji yakianza kushuka hukimbia haraka kurudi, ndiyo maana hatuwapati kwa urahisi. Hawa walikimbia, lakini kila walikokimbilia walikuta shimo la Mmatengo. Shimo hili wanne, lile sita. Katika mashimo tisa ya watafuta mali walikuwa wamebanana kama waumini siku ya Matawi.

Nitasema nilichofanya. Nilivua khanga ya juu nikaanza kuwajaza.

"Shemeji," sauti ikasema nyuma yangu, "unanivunia maharage yangu?"

Gaudence alikuwa amesimama na jembe lake. Nikamwambia samaki ni wa mto, si wa shamba, na anayewaona kwanza ndiye mwenyewe. Yeye akasema shamba ni lake mpaka Pasaka, na mashimo ameyachimba yeye, isipokuwa tisa, ambayo ana habari nani alisababisha yachimbwe. Kumbe alijua siku zote.

Akaingia kwenye shimo kumtoa ningu mmoja kwa mkono. Kumbukeni huyu ni mtu aliyeogopa usipa. Ningu akateleza, akarudi chini, akampapasa kidole gumba cha mguu kwa ile midomo na kukinyonya. Gaudence alipiga kelele iliyomwamsha Mzee Bernadi nyumbani kwake. Lakini hakutoka shimoni. Aliinama, macho ameyafumba, akamkumbatia yule samaki kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Alipofumbua macho akamtazama muda mrefu: ule mdomo ulioelekea chini, ule mgongo.

"Shemeji," alisema, "huyu anapanda mlimani kila masika, na anakula akiwa ameinama. Huyu ni Mmatengo."

Nilicheka. Sikutaka kucheka, nilikuwa na hasira bado, lakini nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope.

Tulifikisha samaki kwa mama wakati watu wanarudi kutoka Njia ya Msalaba. Nikatoa shauri langu mbele ya ua: mama alitaka mazao ya shamba, na hawa si mazao ya shamba, hawakupandwa wala kupaliliwa. Mzee Bernadi, aliyekuja kwa harufu, alisema yeye amevua miaka arobaini na hajawahi kuvua kwa jembe, kwa hiyo shauri hili limemzidi. Mama alifikiri.

"Nilisema kitu kiingie kinywani mwangu. Sikusema kiwe na majani. Wapikwe. Nitaamua nikila. Lakini Luisa, mwambie huyo wa milimani, kwangu aliyeleta chakula ndiye anayeonja kwanza."

Tadea akapika. Ilikuwa Ijumaa Kuu, mlo mmoja, nyama hakuna, watu wote tuna njaa. Ugali ukaja, ningu wakaja kwenye mchuzi wa nyanya, sahani moja upande wetu, sahani moja upande wake. Mama akanawa akangoja. Tukasikia Gaudence akibariki chakula, akachukua kipande.

Lakini hakuna aliyemwambia kuhusu miiba. Ningu ana miiba mingi kuliko samaki yeyote, midogo, yenye panda, imejificha ndani ya mnofu. Sisi tunamla kwa ulimi, polepole, kama mtu anayesoma barua. Gaudence alimla kama maharage.

Kwanza tulisikia kikohozi. Kisha sauti kama ya mlango unaokwaruza. Kisha hatukusikia kitu. Tadea akaita, "Baba Edmund?" maana mtoto wao ni Edmund. Kimya. Mimi na yeye tukazunguka ua mbio. Gaudence alikuwa ameshika shingo kwa mikono miwili, macho yametoka, uso umebadilika rangi. Nikampiga mgongoni kwa mwiko. Mzee Bernadi akasema anywe maji, yakatoka puani. Nikampiga tena.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kwa sababu wazo lilinijia, wazi kabisa, kwamba akifa shamba ni langu, na nikajikuta nasema kwa sauti, "Silitaki! Silitaki!" na hakuna aliyejua nasema nini.

Ndipo nyuma yetu pakasikika mpasuko. Mama hakuzunguka ua. Mama, ambaye kwa miaka miwili hakuwa ametembea bila fimbo na mtu wa kumshika, alipita katikati ya ua wa matete kama nyati, matete yamemning'inia kwenye kitenge, na mkononi ana tonge la ugali kubwa kama ngumi. Akamshika Gaudence kidevu, akamwinua uso.

"Fungua mdomo, Gaudence! Usitafune. Meza!"

Akalisukuma ndani kwa vidole vyake mwenyewe. Gaudence akameza. Shingo ikavimba, ikashuka. Akavuta pumzi iliyosikika mpaka ziwani.

Akaanza kulia, sijui kwa mwiba au kwa nini. Mama bado alikuwa amemshika kidevu. Alimtazama, huku na huku, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Nilidhani una ndevu."

Kisha miguu ikakumbuka kwamba ni mibovu, akaketi pale pale chini, upande wa Gaudence. Akavuta sahani ya samaki, akaanza kuchambua, mwiba mmoja mmoja, akiweka minofu safi mbele ya mkwewe. Kipande cha kwanza alikitia kinywani mwake yeye. Alitafuna taratibu kwa meno yake machache, sote tumesimama. Mimi sikuuliza shamba ni la nani.

"Wana mafuta," mama alisema. "Tadea, lete chumvi."

Jumamosi Kuu asubuhi Gaudence alikuja na mzigo wa matete mapya kuziba ule mwanya. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, akafungua kinywa kama kawaida.

"Luisa, mwambie huyo..."

Akageuka mwenyewe.

"Gaudence," alisema, "acha huo ua. Hayo matete mpe dada yako Luisa akaezekee banda. Na banda ajenge kwenye pembe ya shamba lako, kama utamruhusu."

Kisha akanitazama mimi, na jicho lile la mama nalijua. Nikapiga goti mbele ya mtu niliyemwita mzururaji, nikamwomba. Nilimwomba pia msamaha wa mashimo tisa.

Gaudence aliweka matete chini. Alikuwa bado anaongea kwa sauti ya kukwaruza, na alikuwa anatabasamu kwa namna niliyopaswa kuiogopa.

"Karibu, shemeji," alisema. "Ila mashimo ya nguzo nitayachimba mimi."